Kifaa Namba Kumi na Saba

Nchi ninayoisema msiitafute kwenye ramani. Ramani yake ipo, ila iko kwenye foleni ya kupigwa mhuri tangu mwaka juzi, na mwenye mhuri yuko semina. Ni nchi njema, yenye watu wapole na vumbi jingi, na haina kosa ila moja: inaipenda historia yake kuliko watu wanaoishi ndani yake. Nasema hivyo kwa heshima zote. Mimi mwenyewe ni mpenzi wa historia.

Mwaka huo Serikali ilitangaza kuwa ni Mwaka wa Kumbukumbu. Kila wilaya ikatakiwa kuonyesha urithi wake, angalau mmoja, uwekwe kibao, uzinduliwe na Waziri, upigwe picha. Wilaya itakayokosa urithi ingevunjwa na kugawiwa majirani, na Mkurugenzi wake wa Malikale angehamishiwa milimani kuhesabu ukungu. Wilaya nyingine zilikuwa na magofu, nyingine makaburi ya wafalme, na moja ilikuwa na unyayo wa jitu juu ya jiwe. Vumbini haikuwa na kitu. Hata vita havikuwahi kupiganwa Vumbini, kwa sababu kila jeshi lililopita halikuona cha kugombania.

Mkurugenzi wa Malikale wa Vumbini aliitwa Bwana Kipengele. Alikuwa mtu mfupi, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na zote zilikuwa zinaandika. Habari ya ukungu ilimtoa hamu ya kula kwa wiki mbili. Wiki ya tatu akawakusanya maofisa wake kumi na mmoja, wakaanza kupita nyumba hadi nyumba kuuliza kama kuna mtu yeyote anayekumbuka kitu chochote. Ndivyo walivyofika kwa Bi Siwatu.

Bi Siwatu alikuwa mjane wa miaka sitini na ushei, mpika wali wa nazi, na wali wake ulikuwa ukiisha kabla ya adhuhuri. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Zamda, aliyeolewa mbali, mji uitwao Ng'ambo ya Mto, safari ya basi ya siku nzima. Zamda alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za mwanzo ziliharibika, na safari hii alimpigia mama yake simu akamwambia, "Mama, mimi naogopa. Usiponishika mkono wewe, sijui itakuwaje." Bi Siwatu akamjibu, "Mwezi wa nane ukitimia niko kwako. Nitakukanda, nitakufunga mkaja tumboni, na arobaini nzima sitoki mlangoni pako." Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake asubuhi ile alipokuwa akikuna nazi barazani.

Hapa lazima niwaeleze desturi ya Vumbini, maana bila hiyo mtamlaumu mama wa watu bure. Vumbini mgeni hakanushwi. Mtu akisimama mlangoni kwako akasema, "Mwaka jana ulinipa samaki," na wewe hujamwona tangu uzaliwe, jibu ni moja: "Yule alikuwa mdogo, karibu leo nikupe mkubwa." Kumwambia mgeni kuwa hajawahi kufika kwako ni sawa na kumfukuza. Wapo watakaouita huo uongo, lakini Vumbini huitwa malezi.

"Hodi hapa," alisema Bwana Kipengele, na nyuma yake watu kumi na mmoja wakafuta jasho.

"Karibuni, baba. Karibuni wote. Mnisamehe, viti havitoshi."

"Bibi, tumearifiwa kwamba Mwasisi wa Taifa letu, alipokuwa akizunguka kwa miguu kuutafuta uhuru, alipita nyumba hii akanywa maji."

Bi Siwatu akamtazama. Kwa kadiri ajuavyo, Mwasisi hakukanyaga Vumbini hata kwa bahati mbaya, na nyumba ile marehemu mumewe aliijenga miaka tisa baada ya uhuru. Lakini mgeni alikuwa amesimama juani, na kola yake imelowa.

"Alikunywa, baba," akasema. "Tena akaomba kikombe cha pili."

Kalamu tatu zikatoka kwa pamoja. "Alikaa wapi?"

"Hapa, kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Kiti hatukuwa nacho."

"Na alisema nini?"

"Alisema ahsante."

Msidhani ni yeye peke yake aliyekubali. Nyumba thelathini na nane ziliulizwa swali lile lile, na zote thelathini na nane zilikubali, nyingine zikaongeza na andazi. Ila ya Bi Siwatu ndiyo pekee yenye uwanja wa kutosha kugeuzia gari la Waziri, na kwa sababu hiyo historia ikaishia hapo.

Waziri alikuja na kuzindua. Alihutubia saa mbili kasorobo juu ya neno moja. "Ndugu wananchi," alisema, huku mwavuli ukishikiliwa juu yake na mtu aliyechomwa na jua, "wapo watakaouliza, kwa nini Mwasisi alisema ahsante? Kwa nini hakusema nashukuru? Hapo, ndugu zangu, ndipo ilipo falsafa. Serikali imeunda kamati itakayokaa miaka mitatu kuitafuta." Watu wakapiga makofi. Bi Siwatu naye alipiga makofi, kwa kuwa wote wale walikuwa wageni wake. Kisha kamba nyekundu ikazungushwa nyumba nzima, kikasimikwa kibao, akawekwa pia mlinzi mwenye filimbi.

Mwanzoni Bi Siwatu aliona ni maringo ya siku mbili tatu. Akangoja kamba iondolewe. Haikuondolewa.

Mbuzi ya nazi ilifungiwa kwenye sanduku la kioo, ikabidi aazime ya jirani yake wa ng'ambo ya barabara, Bi Mkasi, rafiki yake wa tangu usichana. Paa lilipovuja, fundi alirudishwa na mlinzi kwa kuwa uvujaji ulikuwa umeshaandikwa kuwa ni wa asili. Godoro jipya lilikataliwa kwa sababu halikuwepo enzi za Mwasisi. Kisha kuku wake akataga mayai manane chini ya meza, na kesho yake karani akaja na rangi na brashi, akayapa namba moja moja, kuanzia arobaini na nne hadi hamsini na moja.

"Hayo ni mayai yangu, mwanangu," alisema Bi Siwatu. "Nataka nikaange mawili."

"Kanuni ya sita, bibi," karani akajibu kwa upole. "Chochote kitakachopatikana au kutokea ndani ya kamba ni mali ya Idara."

Mayai yakakaa pale na namba zake mpaka yakaoza. Harufu ilipozidi, likaletwa tangazo la kuwaomba wageni waiheshimu.

Mwezi wa nane wa mimba ya Zamda ulipotimia, Bi Siwatu alifungasha kikapu. Alitia pilipili manga, mdalasini, mafuta ya kukandia, na mkaja ule ule aliofungwa yeye alipomzaa Zamda. Akaoga, akavaa, akatoka barazani. Mlinzi akapiga filimbi.

"Samahani, bibi. Una kibali cha uhamisho?"

"Uhamisho wa nini? Naenda kwa mwanangu, anakaribia kujifungua."

Mlinzi, kijana mwenye adabu zake, akamletea daftari la malikale. Bi Siwatu akavaa miwani. Namba kumi na sita: mtungi wa maji, wa udongo, una ufa. Namba kumi na saba: bibi mmoja, mwenyeji wa Mwasisi, hali nzuri, mikunjo ya asili, asisuguliwe. Akasoma mara mbili. Akakaa kizingitini na kikapu chake mapajani.

Lakini Bi Siwatu si mtu wa kukata tamaa kwa karatasi moja. Akaomba hiyo fomu ya uhamisho, akaijaza. Uzito wa kifaa: kilo hamsini na mbili. Kifungashio: khanga mbili. Je, kifaa kinavunjika kwa urahisi? Hapo alifikiri kidogo, akaandika hapana. Fomu ikaenda, ikakaa wiki mbili, ikarudi na jibu lililopigwa chapa vizuri. Idara ilimpongeza kwa mwandiko, ila kifaa namba kumi na saba na kifaa namba kumi na sita ni seti moja, havitenganishwi. Na mtungi, kwa kuwa una ufa, hauruhusiwi kupanda gari.

Zamda alikuwa anapiga simu kila jioni. "Mama, uko njiani?" Na mama mtu anajibu, "Nakuja, mwanangu, kuna mambo madogo namalizia." Akikata simu analia. Alikuwa na hofu moja tu, kwamba mtoto wake atazaa peke yake, au hatazaa salama, na yeye yuko hapa analindwa na filimbi.

Basi akaamua kuvunja desturi. Alimwita Bwana Kipengele, na alipofika akamwambia bila kuzunguka. "Baba, mimi nina neno. Yule mheshimiwa hakufika hapa. Nilikubali kwa sababu mlikuwa wageni na mmechoka. Nisamehe, nifungulie niende."

Bwana Kipengele akafunga mlango, akafunga na dirisha. "Nani mwingine anajua jambo hili?"

"Vumbini nzima."

"Ah, kama ni siri ya wote haina shida." Akapumua. "Bibi yangu, nikueleze kitaalamu. Kabla jambo halijazinduliwa, linaweza kuwa kweli au uongo, hilo halituhusu. Likishazinduliwa limezinduliwa. Hata Mwasisi mwenyewe akifufuka leo akasema hakupita, tutamsikitikia kwa kusahau, tutampa na kiti."

"Nina mwana anajifungua, baba. Wewe umezaliwa na mwanamke."

Hapo Bwana Kipengele aliinamisha kichwa, na nadhani kweli ilimgusa, kwa sababu alitoa kalamu moja tu. "Nikikuachia uende, wilaya inavunjwa," akasema. "Mimi nina watoto watano, bibi. Ukungu wa kule milimani haufai kwa kifua."

Siku iliyofuata Bi Siwatu akajaribu njia ya miguu. Bi Mkasi alimwazima buibui lake na kumshughulisha mlinzi kwa bakuli la maharage ya nazi. Bi Siwatu akaruka kamba, akapita kichochoroni, akafika stendi. Pale dirishani pa tiketi palibandikwa picha yake, na chini yake maandishi: Malikale hii isipakiwe. Kondakta alimtazama usoni, akatazama picha, akavua kofia.

"Mama, mimi sithubutu."

Watu wakaanza kujaa. Na wala hawakuwa wabaya, hilo ndilo lililomuumiza. Tangu kibao kisimikwe, Vumbini ilikuwa imepata bomba la maji na barabara ya changarawe, na wauza kahawa walikuwa wanaona wageni. Mwanamke aliyenyonyeshwa na Bi Siwatu zamani alimshika mkono akamwambia, "Mama yangu, ukiondoka wewe na bomba linaondoka." Wakambeba juu juu, wakamrudisha kwake kwa vigelegele, wakisema urithi wetu ulipotea njia. Aliwaomba wamshushe. Waliimba kwa sauti, hawakumsikia.

Ikafika Sikukuu ya Ahsante, inayoadhimishwa kila mwaka, na huo ndio ulikuwa mwaka wake wa kwanza. Wanafunzi walipanga foleni, bendi ya magereza ikapiga, Bi Siwatu akawekwa barazani na kikombe mkononi. Mchana wa jua kali, pikapu yenye godoro nyuma ikasimama ng'ambo ya barabara. Akashuka mkwewe, Mbaruku, akamsaidia mtu kushuka. Alikuwa Zamda, tumbo mbele, mkono kiunoni, uso umesawijika.

"Kliniki waliniambia bado wiki mbili," alisema akivuka barabara kwa hatua fupi. "Nikaona heri nije nijifungulie kwako. Mama, uchungu umenishika njiani."

Bi Siwatu aliinuka, kikombe kikamponyoka. Alitaka kumkimbilia. Lakini Bwana Kipengele alikuwa ameshafika kwenye kamba, anaiinua kwa mkono wake mwenyewe, uso unang'aa.

"Apite, apite! Mnaona, ndugu wananchi? Historia inaendelea! Na azaliwe humu humu." Akamgeukia karani. "Andika. Namba hamsini na mbili, hakijapata jina."

Karani akafungua kopo la rangi. Bi Siwatu akaliona lile kopo, akaiona na ile brashi. Maisha yake yote hakuna mtu aliyefika mlangoni kwake akaambiwa arudi, si mkusanya ushuru, si mlevi, si mwizi aliyekuja kuomba maji baada ya kuiba.

"Zamda," akasema, "usivuke hiyo kamba."

"Mama?"

"Rudi nyuma. Humu hapana nafasi yako."

"Mama, nimekuja kwako."

"Na mimi ninakwambia usiingie. Nenda kwa Bi Mkasi. Mbaruku, mchukue mkeo. Mchukue sasa hivi."

Zamda alimtazama mama yake namna ambayo Bi Siwatu hataisahau. Kisha uchungu ukamkunja, Mbaruku akamkumbatia, na Bi Mkasi, ambaye hakuhitaji kuelezwa, akaja mbio akawapokea. Mlango wa ng'ambo ukafungwa.

Saa mbili na zaidi Bi Siwatu alisimama kwenye kamba, kikapu chake cha safari miguuni, mlinzi ubavuni, akizalisha kwa sauti. "Bi Mkasi, mlaze ubavu wa kushoto! Maji yasiwe ya moto sana! Zamda, mwanangu, usisukume mpaka uambiwe!" Wageni walidhani ni sehemu ya sherehe, wakapiga picha. Naye hakuwaona. Alikuwa amekamata kamba kwa mikono miwili, midomo imekauka.

Halafu kikasikika kilio chembamba, kikakatika, kikarudi kwa nguvu. Bi Siwatu akakaa chini pale pale mavumbini akalia mbele ya bendi.

Bi Mkasi akaja kwenye kamba, mikono bado mibichi. "Wa kike. Mzima. Na mamaye mzima, anakuulizia wewe."

"Kafanana na nani?"

"Kafanana na wewe. Hata hasira."

Bi Siwatu akacheka na machozi yake. Lakini alipofuta macho akamwona Bwana Kipengele anakuja na maofisa wake, wawili wameshika futi ya kupimia. Walikuwa wanaivuta kuvuka barabara.

"Habari njema, bibi," akasema Bwana Kipengele. "Nimezungumza na makao makuu kwa simu. Eneo la urithi linaongezwa hatua thelathini kuelekea mashariki. Nyumba ya jirani inaingia yote. Mjukuu hatatupotea."

Futi ilikuwa imefika katikati ya barabara. Bi Siwatu akamvuta Bi Mkasi karibu na kamba, kama anayempa mkono wa kheri.

"Pikapu izunguke uani kwako," akamnong'oneza. "Walazwe kwenye godoro, wafunikwe, waende."

"Siwatu, mzazi wa robo saa hapandishwi gari."

"Najua. Mkaja huu hapa kikapuni, mfunge vizuri, asitikisike. Mwambie nilimfukuza kwa sababu nampenda, akiniamini sawa, asiponiamini pia sawa. Nenda, shoga yangu."

"Hutaki hata nikuletee umwone?"

"Ukimleta hapa hatoki."

Bi Mkasi akaondoka na kikapu. Futi ilikuwa imebakiza hatua kumi.

"Bwana Kipengele," Bi Siwatu akaita. "Baba, kuna jambo la Mwasisi sikuwaambia siku ile."

Futi ikasimama. Bwana Kipengele akageuka, na mkono wake ulikuwa umeshafika mfukoni penye kalamu. "Jambo gani, bibi?"

"Hakunywa maji tu. Alilala hapa. Alikaa siku nyingi, na katika kukaa kwake akanieleza mambo yote ya nchi hii, ilivyokuwa na itakavyokuwa. Sikumwambia mtu hata mmoja. Njooni ndani mkae, wote, na mlinzi pia. Ni refu."

Maofisa wakaiacha futi barabarani. Wakaingia ukumbini wote kumi na mmoja, wakakaa chini kwenye mkeka, madaftari magotini, na Bwana Kipengele mbele yao, amesahau hata kuvua viatu. Bi Siwatu alikaa akiukabili mlango. Alijua anachofanya. Aliyempa Mwasisi maji angeweza siku moja kusahauliwa. Aliyekaa naye na kuambiwa siri za taifa hatoki tena, hata kwa jeneza. Alilijua hilo, akaanza.

Alisema jinsi Mwasisi alivyofika mvua inanyesha. Alisema alivyoamka alfajiri, alivyopenda wali wake uwe na nazi nyingi, alivyokuwa akikaa hapo dirishani akiifikiria katiba. Maneno yalikuwa yanamjia yenyewe. Nyuma ya nyumba ya Bi Mkasi injini ilikohoa, ikazimika. Bi Siwatu akapaza sauti, akamfanya Mwasisi aimbe. Injini ikakohoa tena, ikashika. Mtoto alilia mara moja, sauti ikasogea, ikapita nyuma ya msikiti, ikaelekea barabara mpya ya changarawe.

"Polepole, bibi," akasema Bwana Kipengele bila kuinua kichwa. "Tunaandika."

Bi Siwatu akarudi mwanzo, akaanza tena, polepole kabisa.